Folda ya Pamoja

...hakipo, eti hakipo, na yeye anakiona kwa macho yake, kimekaa pale kwenye kidirisha cha kushoto, unganishaMiadi, kitendo kimoja cha programu, herufi kwa herufi, ameifungua maktaba ile, faili la vitendo vyake, na kuifunga na kuifungua tena kama mtu anayepapasa mifuko ya suruali akitafuta funguo alizozishika mkononi, kitendo kipo, na kwenye kidirisha cha kulia seva inaandika kwa wekundu kwamba kitendo hicho hakipo, haikijui, haijawahi kukisikia, na mfumo mzima wa miadi ya kliniki umelala chali tangu toleo jipya lilipowekwa asubuhi, wauguzi wanaandika tarehe za kurudi kwa kalamu nyuma ya karatasi za dawa, na huku nyuma ya kiti chake Mkuu wa kitengo anatoka dirishani kwenda mlangoni, anatoka mlangoni kwenda dirishani, simu sikioni, "ndiyo mheshimiwa, vijana wanalishughulikia," vijana, na yeye ana mvi mpaka kwenye nyusi, vijana gani, na dada wa majaribio anainama juu ya bega lake akinong'ona, "Injinia, haki ya Mungu mimi niliipima yote, ilikuwa kijani tupu," anajua, anajua iliipita mitihani yote, kompyuta ya majaribio haina ile folda ya seva, na bwana mnene wa meza ya pembeni, ambaye ofisi nzima inamwita Kwangu Inakubali kwa kuwa hajawahi kujibu lalamiko kwa maneno mengine, anazungusha kiti na kusema, "Mimi kwangu inakubali," na leo hakuna anayecheka... itakosaje kukubali kwake, kwake iko nakala moja tu, hakuna wa kuibishia, shida huanza zikiwa mbili, maktaba moja, jina moja, kila kitu kimoja kasoro umri, moja ya zamani na moja mpya, seva haizilinganishi, haiulizi ipi ina akili zaidi, inachukua ile inayokutana nayo mwanzo na hapo hapo inaacha kutafuta, na hii seva yao iliwekewa amri kwamba programu yoyote ikihitaji kitu imuulize mzazi kwanza, ndivyo wanavyoiita sehemu ya juu ya seva, mzazi, na programu ni mtoto mwenye adabu iliyopita kiasi, mtoto anayeomba ruhusa ya kutumia kalamu iliyo mfukoni mwake mwenyewe, na mzazi akisema ninayo, chukua hii yangu, mtoto anachukua, hata kama ya mzazi imekauka wino... kwa hiyo ipo nakala nyingine juu huko, ya zamani, isiyo na unganishaMiadi, inadakwa kabla ya hii mpya, ni hilo tu, haliwezi kuwa lingine, ameiamuru seva iseme, kwa kila kipande inachokipakia, imekitoa wapi, na ameiwasha upya, na sasa inaamka polepole kama mtu mzima mwenye magoti mabovu, mistari inapanda skrini, mamia, maelfu, anasubiri mstari mmoja tu, na huo mmoja anaujua utasema nini, na tangu alipobonyeza kitufe anaomba usiseme hivyo, useme popote pengine, ila usiseme folda ya pamoja.

Kwa sababu folda ya pamoja ina faili moja tu humo ndani, na faili hilo ni la mke wake, yeye ndiye aliyeiandika maktaba ile ya tarehe, inayohesabu mgonjwa arudi lini, inayoruka Jumapili na sikukuu, inayojua kwamba kliniki ya macho haifunguliwi Alhamisi, na aliandika vitendo vyote kwa Kiswahili, rukaSikukuu, tafutaNafasi, wenzake wakamcheka, Kwangu Inakubali akamwambia, "Shemeji, kompyuta itakuuliza wewe umetoka wapi," naye akamjibu, "Itajifunza, wewe mbona umejifunza," na ofisi ikavunjika mbavu, hayo alimsimulia mwenyewe jioni akiwa anavua viatu, wakati huo yeye alikuwa ghorofa ya chini, kitengo cha mitandao, akivuta nyaya, hakuletwa huku juu mpaka baada ya mazishi ya mkewe, Mkuu alisema, "Njoo uzishike programu zake, nani atazijua kama wewe," akaona ni wema, ulikuwa wema, akapanda juu na kukuta meza ya marehemu imewekewa printa... mistari inapanda, bado, herufi za mwanzo mwanzo tu, vipande vya seva yenyewe... "Injinia, vipi?" "Bado, Bosi, inaamka." "Iambie ifanye haraka, nina watu kwenye simu hapa," iambie, kama ng'ombe, na faili halikwenda kwenye folda ile kwa miguu yake, hilo ndilo analolijua yeye na pengine mtu mmoja mwingine humu chumbani, jioni ile mke wake aliingia nyumbani hakuvua hata viatu, akasimama katikati ya sebule na mkoba begani, akasema, "Leo nimekataa," na yeye akauliza kukataa nini huku akitazama taarifa ya habari, na mke akaizima televisheni, akamweleza, kwamba programu ni tatu na kila moja inabeba nakala yake ya maktaba, seva inalemewa, Mkuu anataka nakala moja tu iwekwe juu, kwenye folda ya pamoja, zote tatu zichote hapo hapo, na yeye amemchorea ubaoni, amemwonyesha, siku moja mojawapo ya hizi programu itahitaji toleo jipya na zile nyingine mbili zitakuwa bado za zamani, itakuja na toleo lake ndani na mzazi ataling'ang'aniza lile la juu, itakufa papo hapo na mtatafuta mchawi, hivyo hivyo, mtatafuta mchawi, na Mkuu akamwambia, "Mama, hapa tunajenga mfumo, hatuendeshi mdahalo," na kesho yake mke wake akarudi, akala, halafu wakati wa kuzima taa akasema, "Nimeiweka. Alisimama nyuma ya kiti changu kama mwalimu wa zamu mpaka nikaiweka," na yeye mume wake, msomi, mtu wa mitandao, alisema nini, alisema basi lala, utaumwa kichwa.

"Sikilizeni," Mkuu amekata simu, anapiga makofi mawili madogo, "wakubwa wanataka ripoti kabla ya chakula cha mchana, nini kimetokea na nani kakifanya," na dada wa majaribio anauliza, "Nani tena, Bosi, si mashine hii," na Mkuu anacheka bila meno, "Mdogo wangu, wale mashine hawaijui, wanamjua mtu, ukiwapelekea mashine watakurudishia barua, ukiwapelekea mtu wanafunga jalada," kisha Mkuu anakuja, yeye anasikia viatu vyake vikija, mkono unatua begani, mzito, wa joto, na sauti inashuka kuwa ya msibani, "Ndugu yangu, tusizungushane, maktaba ya tarehe si ni kazi ya marehemu? Mimi nahisi ndiyo hiyo. Ikitokea ni yake tunaandika hivyo hivyo, kwa lugha nzuri, kwa heshima zote. Haimdhuru mtu. Marehemu hafukuzwi kazi," na dada wa majaribio, "Jamani, Bosi!" na Mkuu, "Nasema ukweli au sisemi?" na mkono bado uko begani, na yeye anaujua mkono huu, ndio ulioshika jeneza upande wa mbele, kulia, mvua ilikuwa imenyesha na njia ya makaburini ilikuwa tope tupu, wengine wakipokezana, Mkuu hakupokewa, alikwenda nalo mpaka shimoni, suti imechafuka mpaka magotini, akalia kilio cha kweli, mtu haigizi kilio kile, kamasi na kila kitu, na gari lake ndilo lililowabeba wazee, na ruhusa alimpa mpaka atakapojisikia, unamfanyaje mtu kama huyo, mtu aliyembeba mkeo kwa bega leo anataka kumtwisha mzigo akiwa chini, na lililo baya zaidi hajui kama mtu huyu anakumbuka, akigeuka sasa hivi akamtazama machoni hatajua, labda anadanganya, na mwongo unaweza kumchukia ukapumua, labda amesahau kabisa, amesimama nyuma ya viti vingi, kiti kimoja atakikumbukia nini.

Mistari inapanda, zimeanza programu sasa, ya kwanza kati ya zile tatu, bado ya miadi, na mpango anao, ni rahisi, mstari ukitokea anaingia kwenye folda, analifuta faili, anaondoa ile amri ya mzazi kwanza, zile mbili za zamani anazirudishia kila moja nakala yake tumboni, anawasha, kijani, na ripoti anaiandika yeye mwenyewe, mgongano wa matoleo, umetatuliwa, mwisho, hakuna aliyeweka wala aliyeamuru, mambo yalijiendea yenyewe kama umande, jina la mke wake halitajwi na la Mkuu halitajwi na kila mtu anakwenda kula, anaiweza lugha hiyo, wote waliosoma wanaiweza, hata karatasi aliyopewa hospitalini siku mke wake alipofariki iliandikwa hivyo, kwa heshima zote... na kumtetea ndio huku, si ndio huku, kumfuta kimyakimya asisemwe, mbona basi moyo unamwaka hivi, amekasirika, amekasirika tangu mazishi na anadhani anajua amemkasirikia nani, amemkasirikia yeye, mke, ndiyo, maiti, kwa utiifu wake, kwa kungoja, kadi ya kliniki ilisema arudi tarehe fulani na maumivu yakaja kabla ya tarehe na hakwenda, alikaa na tarehe yake kama mwanafunzi anayengoja kengele, angebisha, angepiga meza, angelala mlangoni kwa daktari, lakini yeye alikuwa mpole, ndivyo walivyosema wote pale kaburini, mpole, msikivu, na Mkuu akashika kipaza sauti akiwa na tope lake akasema, "Miaka yote niliyofanya naye kazi hakuwahi kuniambia hapana," na watu wakaguna kwa huzuni, na yeye mume alitikisa kichwa, alitikisa kukubali, akamchukua mwanamke huyo waliyempa, mpole, asiye na hapana, akaenda naye nyumbani na tangu hapo ndiye anayemlilia na ndiye anayemgombeza usiku... na si kweli. Si kweli hata kidogo. Alikwenda. Alikwenda kliniki kabla ya tarehe, ilikuwa Jumatatu, yeye ndiye aliyempeleka, amelisahau vipi, alimshusha getini akaenda kutafuta pa kuegesha gari na aliporudi akamkuta amesimama dirishani kwa karani, sauti juu, foleni nzima imegeuka, anasema, "Nafasi ipo leo, tazama vizuri, huu mfumo nimeuandika mimi, naujua," na karani, msichana wa watu, akaigeuzia skrini kwake ajionee, akasema, "Mama, mimi sikatai, mfumo ndio haukubali," na mke wake akaegemea ukuta akaanza kucheka, akacheka mpaka akajishika ubavu ule unaouma, na kwenye gari akasema, "Nimenyimwa na mwanangu," akacheka tena, na kesho yake akabisha tena, kwa simu, na keshokutwa, alibisha na karani na alibisha na muuguzi na alibisha na Mkuu mbele ya ubao, alibisha na yeye mwenyewe mume wake kuhusu televisheni, kuhusu chumvi, kuhusu kila kitu, nyumba ile haikuwahi kutulia hata siku moja, Mungu wangu, mpole nani, ni nani huyo waliyemsifia pale, alimlilia mke wa nani...

Mkono umeondoka begani. Mkuu yuko dirishani tena, anaita namba nyingine, Kwangu Inakubali anakoroga chai iliyokwisha poa, mistari inapanda, programu ya pili inakaribia kwisha, ya miadi inafuata, utatokea mstari wake sasa hivi au baada ya pumzi kumi, na yeye anaona haombi tena useme pengine, useme folda ya pamoja, useme kwa sauti, ni kweli ushahidi wake wote ni mdomo wa mke wake akiwa ameshika mkoba katikati ya sebule, mahakama haiwezi kuupokea, yeye anaupokea, na kesho huenda akarudishwa chini kwenye nyaya zake, na atakuwa mtu asiye na shukrani, aliyemlipa mbeba jeneza kwa kumwaibisha mbele ya watoto wa watu, watasema, na watakuwa na haki ya kusema...

"Alikataa," anasema, na hakuna aliyemuuliza kitu.

"Nani kakataa?" Mkuu anafunika simu kwa kiganja. "Seva?"

"Mke wangu. Ulipomtaka aiweke pale juu alikataa, akakuchorea ubaoni hiki hiki cha leo, na ulimsimamia nyuma ya kiti mpaka akaiweka. Jina lake liandike, Bosi, hakuna neno. Ila anza hapo, kwamba alikataa," na dada wa majaribio anatazama sakafu, na simu ndani ya kiganja cha Mkuu inasema haloo, haloo, mnanisikia, na yeye amekwisha geuza kiti, skrini iko mgongoni kwake, mistari inapanda huko na iendelee kupanda, anamtazama mtu huyu usoni, anamngoja.