Mikoko Sebuleni

Mtaani walimwita Sentimita, kwa sababu fundi vioo huyo hakukata kitu chochote bila kukipima mara tatu. Basi siku alipokosea, majirani walicheka wiki nzima. Alikuwa amemtengenezea daktari wa meno tangi la samaki la chumba cha kungojea, likatoka refu kama benchi, na kimo chake kama beseni. Daktari alilizunguka, akalitazama kwa heshima, akaomba jingine. Sentimita akalibeba la kwanza nyumbani kwa mkokoteni.

Mkewe, karani wa maktaba, alimpokea mlangoni mikono kiunoni.

"Hilo jeneza unaliweka wapi?"

"Sebuleni, chini ya dirisha."

"Sebuleni yuko mama."

Mama mkwe alikuwa amehamia kwao miezi miwili kabla, baada ya kuvunjika nyonga na kupasuliwa. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa mpishi mkuu wa chuo cha ualimu, akilisha watu mia nne kwa siku. Sasa alikuwa mtu wa kukaa kitini, mito mitatu mgongoni, akitazama ukuta. Binti yake alimkataza jikoni asije akateleza, na hospitali walimkataza chumvi kwa sababu ya presha. Fremu yake ya kutembelea ilikuwa imesimama kando, imeanikiwa taulo.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe siku moja, "mtu aliyenyimwa jiko na chumvi kabakiwa na nini? Mimi sasa ni fenicha."

Sentimita alimpangia mito upya mgongoni. Alimheshimu mama huyo kiasi kwamba hata akipiga chafya mbele yake aliomba radhi.

Muuza samaki wa mapambo ndiye aliyemfungua macho kuhusu lile tangi. "Kwa samaki wa kawaida halifai," alisema, "lakini kwa mikoko limekaa penyewe." Akamweleza kwamba mto unapokutana na bahari, maji huwa ya katikati, si matamu wala si ya chumvi kali, na kuna samaki ambao raha yao ni hapo. Sentimita alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alijenga mteremko wa mchanga na tope upande mmoja wa tangi, upande wa pili akaacha maji matupu. Akachomeka miche sita ya mkoko, myembamba kama penseli, akafunga pampu na taa, juu akaweka kifuniko cha kioo chenye nafasi ya majani. Chumvi aliipima kwenye mizani, gramu kwa gramu.

Kisha wakaja samaki wenyewe. Wanne walikuwa bapa, wenye mabaka meusi, wanaotema maji kama bunduki ili kuangusha wadudu. Wawili walikuwa wa topeni, macho juu ya utosi, wanaotembea nchi kavu kwa mapezi kana kwamba wamesahau kuwa ni samaki.

Siku hiyo hiyo mama mkwe aliomba kiti chake kigeuzwe. Kabla ya wiki kwisha, wale wawili alikuwa ameshawabatiza Mashemeji.

"Mchana kutwa wanagombania kiwanja," alisema, "jioni nawakuta wamelala shimo moja."

Raha ilidumu mwezi mmoja. Joto la taa lilikuwa linapunguza maji, na kila baada ya siku mbili Sentimita alijazia kwa ndoo ya maji aliyoyatia chumvi kwa kipimo kile kile cha siku ya kwanza. Lakini majani ya mikoko yalianza kukauka kingo. Samaki wa mabaka waliacha kutema, wakajikusanya pembeni wakihema. Shemeji mmoja akawa hatoki shimoni. Sentimita alibadilisha taa, akasafisha pampu, akabadilisha chakula. Kipimo chake cha chumvi, cha plastiki chenye mshale, kilionyesha namba ile ile tangu mwanzo, naye alikiamini kama anavyoamini futi yake ya kazini.

Jumamosi moja mchana alikuwa amepiga magoti mbele ya tangi, uso umemshuka, mama mkwe akamwita.

"Baba, niletee hiyo fremu."

Alishangaa, maana kwa kawaida ilibidi abembelezwe. Mama aliinuka, akapumua, akakokota miguu mpaka kwenye tangi. Akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho.

"Imezidi."

"Haiwezekani, mama. Mimi napima kwa mizani."

"Unapima unayotia. Inayobaki umeipima?" Alimwangalia mkwewe kama alivyokuwa akiwaangalia vijana wapya jikoni. "Mchuzi ukichemka, kinachopanda na mvuke ni nini? Ni maji. Chumvi haina mabawa, inabaki sufuriani. Sasa wewe kila yakipungua unaongeza maji na chumvi juu! Mpishi wa namna hiyo ningemfukuza kabla ya chai."

Sentimita aliingiza mkono tangini. Akakitoa kile kipimo, akakigonga kidogo kwa kidole. Mshale uliokuwa umegandishwa na chumvi ukaruka mpaka mwisho wa namba. Alikaa sakafuni akaanza kucheka, na mama naye akacheka, mpaka fremu ikatikisika.

Ndipo mkewe akaingia, mkoba begani, akamkuta mama yake kidole kinywani.

"Mama! Umekatazwa chumvi, unaonja bahari!"

"Si bahari. Ni tone."

"Tone la matope!"

"Na mumeo alikuwa anawaua samaki kwa mizani. Nani bora?"

Siku hizo za kuwatibu samaki, mama alisimamia mwenyewe. Hakukubali maji matamu yamwagwe kwa pupa. "Watashtuka. Tunarudisha kidogo kidogo," alisema. Sentimita aliteka jagi moja la maji ya tangi, akatia jagi moja la maji matamu yaliyolala ndooni, asubuhi na jioni. Mkewe alikubali mama aonje kwa sharti moja: ateme na asukutue. Siku ya sita mama akasema, "Hapo hapo, usiguse." Sentimita alipima kwa kipimo kipya, akakuta chumvi imerudi pale pale ilipoanzia.

Mkoko mmoja ulikufa. Mitano iliyobaki ikatoa majani mapya, ambayo mama aliyapangusa kila siku kwa kitambaa chenye maji. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alipokuja, aliinama kutazama, na samaki mmoja wa mabaka akamtemea kwenye miwani. Mtaalamu alicheka, kisha akauliza mama anatoka kitini mara ngapi kwa siku. "Sijahesabu," mama akajibu. "Wale wana kazi nyingi." Binti yake alisikia. Kesho yake aliweka kiti jikoni karibu na meza, akamletea mama vitunguu na kisu, bila hotuba.

Kisha mama akatoa amri nyingine. "Baba, hapa maji hayapwi?"

Sentimita alichora, akapima mara tatu, akafunga chombo cha pili chini ya tangi na saa ya kuendesha pampu. Jumapili asubuhi wote watatu walikaa mbele ya tangi. Pampu ilinguruma, maji yakaanza kushuka taratibu, tope likajitokeza likimeremeta, na mizizi midogo ya mikoko ikasimama hewani kwa mara ya kwanza. Mashemeji wakatoka shimoni. Mmoja alifungua pezi lake la mgongoni kama feni, akaruka juu, akaanguka chali.

Sentimita aliinama kutazama vizuri.

"Sogea, mwanangu," mama mkwe akasema. "Unaniziba."