Kadi Niliyoandika Si Hiyo

Mshonaji alikitua kitabu mezani kwangu kama mtu anayerudisha sahani chafu. Hakuketi. Mama yake tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na pale kaburini mimi ndiye niliyemshika mkono. Sasa alikuwa ananiuliza amenikosea nini.

Sikumwelewa. Kitabu chenyewe nilikijua, riwaya ya mwanamume anayejifanya amekufa ili asikie mashemeji watasema nini juu yake. Analala kimya ndani ya jeneza, mpaka shemeji mmoja anasimama kumsema kwamba alikuwa mchoyo hata wa chumvi. Hapo marehemu anaketi na kujibu. Nilikisoma mume wangu akiwa hajatimiza mwaka kaburini, nikacheka peke yangu jikoni hadi nikazima jiko nisije nikaunguza mboga. Tangu mazishi nilikuwa sijacheka.

"Nakuheshimu kama dada yangu wa tumbo moja," mshonaji akasema. "Kama hata wewe unanicheka, nikalilie wapi?"

Akafunua jalada, akanionyesha kadi.

Maktaba ya mtaa wetu ina rafu moja karibu na mlango, imeandikwa "Nimekisoma, Kisome". Ukikipenda kitabu unaandika maneno machache kwenye kadi, unaibana ndani ya jalada, unakiweka pale. Shule niliishia la saba, lakini kadi zangu huziandika kwa uangalifu, maana watu huzifuata. Kwenye kile cha kulea watoto wachanga niliandika kwamba sura ya homa isomwe kabla mtoto hajaugua. Kwenye cha kufuga nyuki nikasema sura ya kwanza inachosha, uanzie pale mwandishi anapoumwa na nyuki wake mwenyewe. Kwangu mimi, kumwambia mtu asome kitabu ni kutoa ushahidi, na ushahidi wa uongo Mungu ameukataza.

Kwenye riwaya ile niliandika: "Kimenichekesha mpaka mbavu zikauma. Mjane wa fundi saa."

Kadi aliyoshika mshonaji ilisema: "Kimeniliza, kikanifariji. Mjane wa fundi saa." Mwandiko ulikuwa na mikia mirefu, na mikia ile naijua. Ni ya wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye anayekaa kwenye meza ya maktaba.

Hasira zilinipanda. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko ulimi, basi nikasali kwanza, kifupi, ndipo nikavaa viatu na kumwambia mshonaji twende.

Wifi tulimkuta anagonga mihuri. Hakukana. Alisema alikuwa ananisitiri, maana udongo wa kaka yake haujakauka na mimi natangaza mlangoni kwamba nacheka, watu watasemaje? Tena, akasema, amebadilisha neno tu, na anayecheka sana si hutokwa na machozi?

"Ulikisoma?" nikamuuliza.

"Jaladani pana jeneza, wifi. Nikajua ni cha msiba."

Mzee mmoja akacheka puani nyuma ya gazeti lake. Mimi sikucheka.

"Umeninyang'anya ulimi," nikamwambia, na sauti sikuipandisha. "Kaka yako alinioa nacheka. Huyu amekuja kutafuta bega la kulilia, wewe ukampa jeneza, kisha ukatia sahihi yangu. Ukitaka kulia, wifi, lia kwa jina lako."

Akaulaza muhuri. Akasema polepole kwamba tangu kaka yake afe, wote wanamuuliza mjane amelalaje, na yeye dada mtu hakuna anayemuuliza. Nilimsikia. Ilikuwa kweli, na niliahidi kwamba hilo tutalizungumza nyumbani. Lakini hasira yangu haikwenda popote. Niliichana ile kadi mbele yake, nikaomba nyingine, nikaandika maneno yangu yaleyale, neno kwa neno.

Nilipofika kwenye jina, mshonaji akanigusa kiwiko.

"Ongeza kwamba mwenye msiba mbichi kinamuuma."

Alikuwa na haki, nikaongeza. Bado hakuuondoa mkono.

"Pale pa chumvi nilicheka, dada," akasema, macho yakiwa kwenye kadi. "Mama yangu yuko ardhini na mimi nacheka. Hiyo ndiyo iliyonileta kwako na hasira zote zile. Mama naye chumvi alikuwa anaificha."

Wifi alinyoosha mkono apokee kitabu akirudishe rafuni. Nilimpita, nikakiweka mwenyewe, jeneza likitazama mlango.