Kaseti Yenye Selotepu Nyekundu

Majira yale ya baridi Royce Haskett alitoka kuwinda karibu kila jioni, na hakurudi na ngozi hata moja. Kwa Oklahoma ya magharibi, tena mwaka ambao ngozi ya paka-mwitu ilikuwa na bei kuliko ndama, hilo si jambo la kupita hivi hivi. Watu walilizungumza kwenye duka la vyakula vya mifugo, wakalizungumza kanisani, na mwisho likafika kwa Verna, dada wa Twyla mke wa Royce, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

"Haya niambie, mdogo wangu," Verna alisema huku akimenya viazi jikoni kwa Twyla kana kwamba ni kwake. "Huyo mumeo anawinda paka wa miguu minne au wa miguu miwili?"

"Muulize mwenyewe."

"Nimuulize mimi? Kwani mimi ndiye ninayelala naye?"

Twyla alicheka kwa meno tu. Wazo la mwanamke mwingine lilikuwa limemjia kabla ya Verna kulileta, na ajabu ni kwamba halikumuuma sana. Tangu mwezi Machi hakukuwa na kitu cha kumuuma sana. Machi ndipo walipomzika Dessie, mtoto wao wa pekee, miezi saba tu. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kwa siku mbili, na daktari hata jina lake alikuwa hajalishika vizuri.

Kilichomtisha Twyla kilikuwa kingine, na hakumwambia mtu. Alikuwa anaanza kuisahau sauti ya Dessie. Picha alikuwa nazo tatu, moja imeegemezwa kwenye kopo la sukari, na uso ule angeweza kuuchora gizani. Sauti hakuwa nayo. Siku moja kwenye nyumba ya wazee, alikokuwa akiosha vyombo, mjukuu wa mgonjwa mmoja alilia ukumbini na Twyla akaangusha trei nzima ya vikombe. Alipoinama kuokota vigae alijaribu kukumbuka Dessie alivyokuwa akilia, na hakupata kitu. Alikaa chini kwenye sakafu yenye maji akahisi anamzika mara ya pili, safari hii peke yake.

Royce naye alikuwa na kimya chake. Kabla ya Machi mtu yule alikuwa redio. Kunguru, bundi, bata mzinga jike, kulungu mchanga aliyenasa kwenye seng'enge, wote aliwatoa kwa koo lake mwenyewe, na wazee pale dukani walimwomba kama watoto waombavyo peremende. Alikuwa na uwezo wa kumwita paka-mwitu kwa mdomo mtupu. Mnyama yule humfuati. Unaweza kuishi naye miaka ishirini nyuma ya nyumba usimwone zaidi ya nyayo. Unajificha kichakani, unalia kama sungura anayeumia, naye anakuja kutafuta chakula. Baada ya mazishi Royce hakuiga tena hata jogoo. Alibeba redio kaseti kuukuu na mfuko wa kanda zenye milio ya wanyama, akaziacha kanda zimlilie.

Jumamosi moja ya Januari, baada ya maharage na mkate wa mahindi, Twyla alivaa koti la kazi na kuishusha bunduki ya marehemu baba yake kutoka ukutani. Ilikuwa ya marisau, ya kupigia kware, ile inayomwaga risasi ndogondogo kama mtama.

"Unakwenda wapi?" Royce aliuliza.

"Unakokwenda wewe."

"Twyla, kuna baridi huko. Utakaa bila kutikisika mpaka makalio yafe ganzi."

"Makalio ni yangu, bwana. Wewe utaita, mimi nitapiga. Au kuna mtu huko hutaki nikutane naye?"

Royce alimtazama, akageuka kutafuta kofia yake ambayo ilikuwa kichwani. "Hakuna mtu," alisema.

Walianzia kwenye kalvati ya malisho ya jirani. Pale kwenye tope Royce alichuchumaa na kumwonyesha nyayo za mviringo zisizo na alama ya kucha. Twyla alizijua tangu utotoni, lakini alimwacha aeleze, maana ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. Kisha wakajibanza kwenye mierezi na kanda ya sungura ikaanza.

Asiyewahi kumsikia sungura akilia kwa maumivu hawezi kuamini. Hana tofauti na mtoto mchanga. Twyla alihisi kifua kikimchoma, pande zote mbili, mahali ambapo maziwa yalikwisha kukauka zamani, na mikono ikaanza kumwasha kutaka kubeba. Aliubana mtutu wa bunduki kati ya magoti. Alikuja kunguru mmoja tu, akawatukana, akaondoka.

"Twende kijitoni," Royce alinong'ona, kisha akasita kama mtu aliyejikwaa. "Au turudi tu. Leo upepo mbaya."

"Upepo hauna kitu. Twende kijitoni."

Kijito kilikuwa nyuma ya shamba lao wenyewe, karibu kiasi kwamba juu ya vichaka uliweza kuona bomba la moshi la jiko lao. Majani yalikuwa yamelala chini ya mwerezi mmoja, yamekandamizwa na mtu aliyekaa hapo mara nyingi. Mtu mmoja, Twyla aliona, na moyo ukamtua kidogo, halafu ukapanda tena. Royce aliipeleka redio akaiweka juu ya kisiki, umbali wa jiko hadi zizi la ng'ombe, ili paka atakapokuja macho yake yawe kule na si kwao. Akarudi akaketi. Twyla akaweka risasi mbili, akalaza bunduki mapajani. Kwa shabaha alimshinda mumewe na wote wawili walijua.

Sungura alilia tena mpaka kanda ikaisha yenyewe. Jua lilikuwa limekaribia kuzama.

"Nipe nyingine hapo mfukoni," alisema Royce. "Ile ya ndege, yenye maandishi."

Twyla aliingiza mkono. Ya kwanza kutoka haikuwa na maandishi. Ilikuwa imezungushiwa selotepu nyekundu ya mafundi umeme, na plastiki yake imechakaa kwa kushikwashikwa.

"Hii ya nini?"

"Hiyo mbovu. Rudisha."

"Mbovu, na bado unaibeba?"

"Twyla, nimesema rudisha!"

Royce hakuwahi kumfokea, hata siku ya mazishi Twyla alipokataa kuondoka kaburini. Twyla alimtazama alivyonyoosha mkono kuipokea kama kitu kinachovunjika, na hapo akajua kwamba mwanamke yupo, na akajua ni yupi.

"Ni Dessie," alisema.

Royce alifunika uso kwa kofia. Alizungumza humo ndani ya kofia, na Twyla ilibidi ainame kumsikia. Ilikuwa Januari ya mwaka uliopita, Dessie anaota meno, Twyla yuko zamu. Kaka yake Royce, Gaylon, alikuwa amepita kunywa kahawa, akasikia kile kilio akasema, bwana wee, huyu binti yako angeita paka wa wilaya nzima. Wakacheka. Gaylon alipoondoka Royce akaisogeza redio karibu na kitanda cha mtoto, akabonyeza kitufe.

"Ukamwacha alie," alisema Twyla.

"Nilimwacha."

"Muda gani?"

"Sio upande mzima wa kanda. Nilishindwa. Mwishoni unasikia kiti kinaburuzwa, ndio mimi nakwenda kumbeba. Halafu ananyamaza." Alivuta pumzi. "Halafu anacheka, Twy. Anacheka kicheko kile cha kukoroma, alichokuwa akikifanya nikimpuliza shingoni. Ndio maana nakuja huku. Nasubiri ile sehemu ya mwisho. Nyumbani siwezi, kitanda chake kiko pale pale. Paka wanakuja, wanakaa, wanasikiliza, wanaondoka. Sijapiga hata mmoja."

Twyla alitaka kumpiga kofi na alitaka kumkumbatia. Mwaka mzima karibu, alikuwa akiitafuta sauti ile kwenye kichwa chake kama mtu anayetafuta ufunguo, na kumbe mumewe anayo mfukoni pamoja na koleo na kamba.

"Kuna nyingine kama hii?"

"Hiyo tu. Nilitaka kuinakili, lakini angeinakili nani? Ningemwambia nini?"

"Iweke."

"Twende nayo nyumbani. Tukae mezani, tusikilize pamoja, na kesho nitaipeleka mjini inakiliwe. Naapa."

"Iweke sasa hivi, Royce. Sisubiri hata dakika."

"Basi niilete redio hapa."

"Hapana, usiilete karibu. Sitaweza." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Iache kule kule kwenye kisiki. Nataka nimsikie kama yuko chumbani."

Royce alikwenda, akarudi, akaketi bega kwa bega naye. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo wa kanda tupu. Kisha saa ya ukutani ya jikoni kwao, tik, tik. Kisha Dessie.

Ilikuwa ndiyo yenyewe, ile sauti. Ilimrudia yote kwa mara moja, ile kuanza kwa kulalamika chini kwa chini, kwikwi katikati, kisha kupanda hadi juu na kuvunjikia huko. Twyla aliuma ngozi ya kiganja. Nani kasema amesahau? Hakuna alichosahau. Machozi yalishuka mpaka ndani ya kola na hakuyafuta. Alikuwa na furaha ya kutisha, na kila kilio kilimvuta tumboni kana kwamba mtu ameshika uzi upande wa pili.

"Bado kidogo," Royce alinong'ona. "Kiti kinakaribia."

Paka alikuwa amekwisha kufika. Hakuna aliyemwona akija, huwa hawaonekani wakija. Alikuwa ng'ambo ya kisiki, dume kubwa la madoadoa, ncha za masikio nyeusi, mkia butu ukichezacheza. Macho yake yalikuwa juu ya redio.

"Mwache," Royce alisema taratibu. "Atakaa tu. Huwa wanakaa."

Huyu hakukaa. Pengine njaa ya baridi ilikuwa imemzidi kuliko wenzake. Alilaza tumbo chini, akakusanya miguu ya nyuma, akaanza kusogea huku mabega yakipanda moja baada ya jingine. Kwenye kisiki mtoto alilia kwa nguvu zaidi, kilio kile cha mwisho cha kukata tamaa ambacho kila mama anakijua, cha mtoto aliyeita na hakuna aliyekuja.

Alikuja mama yake. Twyla hakufikiri, angefikiri nini? Kulikuwa na mnyama mwenye meno anamnyemelea Dessie, na bunduki ilikuwa mapajani.

"Twyla, hapana—"

Mlio wa bunduki ulijaa kijito chote. Twyla alikuwa amekwisha kuitupa bunduki na kukimbia, mikono mbele, akijikwaa kwenye mizizi, akisema "Nakuja, mama yupo, nakuja." Alifika kwenye kisiki na kunyoosha mikono. Paka alikuwa amelala ubavu, ameshakufa. Juu ya kisiki kulikuwa na vipande vya plastiki, waya, na selotepu nyekundu ikiwa imejikunja. Utepe wa kahawia ulikuwa umetapakaa juu ya miiba, umekatikakatika vipande visivyozidi kidole, na upepo ulikuwa unauchukua.

Kimya kile Twyla hakukielewa mara moja. Alibaki na mikono ileile mbele. Kisha akaelewa, na sauti iliyomtoka ilimfanya Royce azibe masikio.

Royce alikuja akapiga magoti. Alianza kuokota vipande vya utepe mwibani, kimoja kimoja, akivinyoosha kwa kidole na kuvilaza kwenye kofia yake. Alifanya hivyo mpaka ikawa shida kuona. Moshi wa jiko lao ulikuwa unapanda palepale nyuma ya vichaka.

"Kiti kilikuwa kimeburuzwa?" Twyla aliuliza. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye kisiki, damu ya paka ikimlowesha sketi.

"Bado. Kilikuwa karibu."

"Sijakisikia kicheko."

"Najua."

"Wewe umekisikia majira mazima, Royce. Kila jioni." Alimshika koti. "Nifanyie. Unaweza. Unaweza kila kitu. Nifanyie alivyokuwa akicheka."

Royce aliweka kofia chini kwa uangalifu. Alilamba midomo, akaweka viganja mdomoni kama zamani pale dukani, akafumba macho kumsikiliza kichwani. Twyla alishusha pumzi akasubiri.

Royce akajaribu. Ikatoka sauti ya sungura.