Kovu Chini ya Shati

Tangu Kashaija afukuzwe shule, Egbert Rwegoshora alikuwa anaoga na shati. Kila Jumamosi wavulana wa Mtakatifu Paskali waliteremka bondeni kwenye kijito, wakavua kila kitu, wakarushiana maji na kupiga mayowe. Yeye alijitafutia jiwe lake pembeni, akajimwagia maji juu ya shati lake la kaki, akajisugua kwa ndani kama mtu anayemtafuta kiroboto. Ungecheka. Wenzake walicheka sana.

"Jamani, Egbert amekuwa sista!" alipiga kelele Ndyamukama, kiranja wa bweni. "Sista Egberta, utuombee!"

"Nina homa," alijibu Egbert.

Homa! Homa gani hiyo ya wiki tatu? Alichokuwa nacho ni kovu, tena dogo tu, chini kidogo ya kitovu. Kovu la namna hiyohiyo, mahali hapohapo, ndilo lililomfukuzisha Kashaija. Na aliyekwenda kumchongea Kashaija kwa padre hakuwa mwingine ila Egbert.

Hao wawili walikaa dawati moja tangu darasa la tano. Egbert alikuwa mtoto wa karani aliyehamishiwa Karagwe kutoka Bukoba, mtoto wa viatu. Gaudiosus Kashaija alitoka Bugomora, kwenye migomba na kahawa, na viatu alikuwa anaviona kwa padre. Mwaka wao wa darasa la saba, Egbert alishikwa na malaria njiani wakirudi kutoka likizo. Kashaija akaliacha sanduku lake kichakani, akambeba mwenzake mgongoni nusu siku nzima mpaka misheni. Aliporudi kulitafuta sanduku, hakukuta hata kufuli. Hakulalamika. Alisema tu kwamba sanduku halina mama wa kulililia.

Likizo iliyofuata Egbert aliimaliza Bugomora, na huko ndiko walikofanya omukago, undugu wa kuchanjiana. Aliyeuomba ni Egbert mwenyewe, hilo lisisahaulike. Mjomba wa Kashaija alichuma tunda moja la kahawa, akaliminya zikatoka punje mbili zilizokuwa zimelala kifua kwa kifua. Akawachanja chini ya kitovu, akaipaka kila punje damu ya mmoja, na kila mmoja akameza ya mwenzake.

"Sasa mmezaliwa tumbo moja," mjomba alisema. "Atakayemgeuka ndugu yake, tumbo limvimbe mpaka lipasuke."

Walirudi shuleni wakiwa wamefunga vifungo vyote. Padre Wilibrodi, mkuu wa shule, alikuwa mzungu mwenye ndevu nyingi na subira haba, na omukago aliujua vizuri. Kila Kwaresima aliuhubiri. Aliuita ushenzi wa kunywa damu mbele ya watu waliokwisha kupewa Damu nyingine. Siku atakayomkuta mwanafunzi mwenye chale hiyo, alisema, siku hiyohiyo mwanafunzi huyo atafunga virago. Kijitoni wale wawili walijifunza kuoga wakiwapa wenzao mgongo.

Mwaka 1953 ndipo ilipokuja habari ya darasa la tisa. Shule nzima ilikuwa imefyatua matofali kwa mikono yake ili darasa hilo lijengwe, na kila mvulana alichora alama yake kwenye matofali yake, yapate kuhesabiwa. Kashaija alichora punje mbili za kahawa, kwa ujeuri tu. Serikali ikaruhusu darasa lifunguliwe kwa sharti moja: wanafunzi kumi, wasipungue. Tisa walijulikana mapema. Nafasi ya kumi ikabaki baina ya Kashaija na Egbert, na mtihani wao ulipangwa Jumatatu.

Ungekuwa mtihani wa Kashaija, hakuna aliyebisha. Hesabu alizifanya huku akipiga mluzi. Na baba yake Egbert alikuwa ameandika barua ya mistari miwili: ukikosa nafasi hiyo, usirudi kwangu, katafute jembe.

Egbert aliisoma barua hiyo mpaka karatasi ikalegea. Jumapili baada ya misa akaenda kugonga mlango wa padre.

"Padre, Kashaija ana omukago. Mtazame tumboni."

"Amechanjiana na nani?"

Loo! Swali lenyewe hakulitegemea.

"Sijui, Padre."

Kesho yake asubuhi, mbele ya shule nzima, Kashaija aliambiwa apandishe shati. Akapandisha. Padre alilitazama kovu, uso wote ukawa mwekundu.

"Nani mwenzako? Mtaje, nitakuchapa viboko sita na utabaki. Yeye ndiye ataondoka."

Kashaija hakusema. Hata jicho hakuligeuza upande wa Egbert. Alitazama paa la darasa jipya, kama anayehesabu bati. Padre akauliza mara ya pili, na ya tatu. Adhuhuri Kashaija alishuka kilima na kifurushi kichwani, akashika njia ya Bugomora. Nafasi ya kumi ikawa ya Egbert, bila mtihani.

Tangu siku hiyo roho ilimwuma Egbert mchana kutwa. Chakula kilikuwa kama majivu mdomoni. Akisujudu kanisani alijipapasa tumbo kwa siri, aone kama limeanza kuvimba. Lilikuwa bapa vilevile. Mwanzoni alimshukuru Mungu kwa hilo. Baadaye akaanza kutamani livimbe, walau kidogo, apate kujua kwamba kuna mtu mahali fulani aliyeona alichokifanya.

Basi ikafika Jumapili ya wazazi kuja kutembelea watoto. Egbert hakutegemea mgeni. Akaitwa getini, akamkuta Kokushubira, mama yake Kashaija, amekaa kwenye nyasi, miguu ina vumbi mpaka magotini, na kikapu cha ndizi mbele yake. Egbert alitaka ardhi impasukie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Hawakulishi hawa?" Mama alimshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Wewe ni mtoto wangu sasa. Kashaija aliniambia yote aliporudi. Nikasema, basi, kama mmoja amerudishwa, kuna mwingine kule anayesoma. Siwezi kukaa bila kumletea chakula."

Mama akatoa kifungu cha majani makavu ya mgomba, ndani yake kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na kukaushwa, ile ya kuwapa wageni na ndugu.

"Hii ameikausha mwenyewe. Na amenipa maneno, nimeyashika njia nzima nisiyasahau. Anasema usome kwa ajili yenu wawili. Anasema usiogope, hata aje askofu kumwuliza, jina lako halitamtoka." Mama akainama, akapunguza sauti. "Na anasema hivi: mkienda kuoga, usivue shati, padre asije akakuona."

Machozi yalimtoka Egbert palepale, bila kuaga. Mama akadhani ni ya kumkumbuka rafiki. Akamfuta kwa ncha ya kitenge.

"Wewe unakaa hapa na unasikia mengi. Hivi hujapata kujua ni nani aliyemchongea mwanangu?"

Mama wa watu alikuwa anamtazama machoni, anangoja. Egbert alifungua mdomo. Neno lilikuwa fupi tu, mimi, herufi nne, mtoto wa darasa la kwanza analiandika.

"Bado, mama," alisema.

"Mungu amsamehe, yeyote yule," alisema Kokushubira, akasimama kujipangusa. Safari ya kurudi Bugomora ilikuwa ndefu, na alitaka kuwahi.

Egbert alisimama getini mpaka mama akapotea kwenye kona. Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Aibu ilimsukuma mgongoni mpaka kwenye mlango uleule wa padre, na safari hii hakugonga. Padre Wilibrodi alikuwa mezani anaandika. Egbert akasimama mbele yake, akachomoa shati kwenye kaptula, akalipandisha mpaka kifuani.

"Ni mimi, Padre. Mwenzake Kashaija ni mimi. Na mimi ndiye niliyeuomba huo omukago, yeye alikubali tu. Mrudishe, niondoke mimi."

Padre alilitazama kovu muda mrefu. Safari hii uso haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa mtu aliyechoka.

"Nimrudishe niwaambie nini wanafunzi? Kwamba chale kwa huyu ni dhambi, na kwa yule si dhambi?" Akaweka kalamu chini. "Na nikikufukuza wewe, wanabaki tisa. Mkaguzi anakuja Jumatano. Akikuta tisa, anafunga darasa, na hao tisa wote wanarudi kulima. Umelifikiria hilo?"

"Hapana, Padre."

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Kashaija. Na watu wa nyumbani kwao."

"Huyo Kashaija, atasema?"

Egbert alimwona tena Kashaija akitazama bati. Akasikia maneno aliyoletewa kwa miguu kutoka Bugomora.

"Hatasema, Padre. Hata akiulizwa na askofu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Padre Wilibrodi aliichukua kalamu yake, akaichovya winoni.

"Basi shusha shati."

Egbert alibaki amesimama, vidole vimeshika pindo. Angeweza kubisha. Angeweza kutoka hivyohivyo mpaka uani, tumbo wazi, kila mmoja aone, halafu ashike njia, amkimbilie yule mama kabla hajavuka mto. Njia yenyewe aliiona dirishani.

Akashusha shati. Akalichomeka vizuri kwenye kaptula, mbele na nyuma, na kengele ya chakula ilipolia akaenda kupanga mstari na wenzake.