Gunia la Kona ya Tatu

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nane na dakika kumi mchana, Absalom alipokea simu ya mkewe akiwa kazini ndani ya handaki la treni mjini Riyadh, akasema, "Sawa, nimesikia." Hakuwa amesikia kitu. Treni ilikuwa inapita kwenye kona ya tatu, magurudumu yakilia kama bati linalokwaruzwa na msumari, na masikio yake yalikuwa yamebanwa na vile vifuniko vya plastiki ambavyo kampuni ilikataza kuvua. Aliweka simu spika, akaishika mbele ya uso, akajibu mara mbili. Simu ikakatika.

"Sawa" ndiyo ilikuwa lugha ya handakini. Msimamizi harudii neno. Ukimuuliza "nini?" mara mbili, anakuandika hujui kazi, ukiuliza ya tatu, unapelekwa kupakua saruji juani. Kwa hiyo wote, Wakenya, Wanepali, Wabangladeshi, walijibu sawa na kuinua kidole gumba, halafu kila mtu akakisia alichoambiwa.

Mkewe, Selipher, alikufa kesho yake mjini Jeddah, mtaa wa Al-Safa, alikokuwa akifanya kazi za ndani, katika chumba cha mfanyakazi kilicho nyuma ya jiko. Karatasi ya kifo ilisema alikufa ghafla, usingizini. Maiti ilifika Lugari, nyumbani Kenya, baada ya wiki tatu ikazikwa na majirani. Absalom aliomba ruhusa ya kwenda. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini na kushika vibali vyake, alisema kazi ya kelele haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu ambaye tayari amekufa.

Kazi ya kelele ilikuwa hivi. Abiria walilalamika kwamba kwenye kona treni inawaumiza masikio, na malalamiko ya abiria yakisemwa mara moja yanasikika. Wakubwa wakaleta mashine za kusaga reli, wakaweka mipira chini ya vyuma, wakavisha kuta paneli za sufi. Paneli zilinyonya kelele vizuri, lakini zilishiba. Kwa hiyo kila mwisho wa zamu watu walizishusha na kuzipiga fimbo kama magodoro, na kelele ilimwagika chini, ya kijivu, nzito, mfano wa pumba. Waliizoa kwa koleo na kuitia kwenye magunia, wakaandika tarehe, zamu na kona. Malori yaliyapeleka Al-Sulay, kwenye ghala lililopakana na vyumba vya wafanyakazi. Ripoti ilisema kelele imeshuka kwa desibeli tisa. Ilikuwa kweli, huko chini. Al-Sulay watu walilala na pamba masikioni, na hakuna aliyekuja kuwapima.

Mwezi wa Novemba binti yake, Ivy, alipiga simu kutoka nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na tano.

"Baba, mama alikupigia siku ile. Simu yako imeandika dakika moja na sekunde arobaini, ulituambia mwenyewe."

"Ni kweli."

"Sasa alisema nini?"

 Ivy akaongeza kwamba shangazi zake wanauliza kila siku, na yeye amechoka kuwaambia baba hajui.

Ndipo Absalom alipowaza kwamba sauti ya mkewe ilinyonywa na paneli pamoja na kelele ya siku ile, akaenda kwa Elphas, mlinzi wa ghala, mtu wa Bungoma mwenye tumbo kubwa na maneno mengi.

"Uko na bahati mbaya kama ng'ombe wa harusi," Elphas alimwambia. "Magunia ya Oktoba yanaenda kuzikwa jangwani Alhamisi. Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Haya, ingia. Lakini usilale juu yake, yatakuzeesha."

Walitafuta kuanzia asubuhi, kwa maana siku hiyo Absalom alimwambia msimamizi anaumwa. Magunia yalikuwa mengi kama ya mahindi ya serikali, na yalinguruma kwa chini. Saa tisa mchana wakalipata: 14/10, zamu ya mchana, kona ya tatu. Absalom akaanza kufungua kamba. Elphas akamshika mkono.

"Wee, taratibu! Ikitoka imetoka. Hairudi ndani. Unataka kuisikia peke yako hapa, na kesho nani atakuamini? Mimi? Mimi si ushahidi, mimi ni soja."

Absalom aliona neno hilo lina maana. Alitaka wakubwa waliompeleka mkewe Jeddah wasikie, na wasikie wakati mmoja na yeye, wasije wakasema amepika maneno. Akalibeba lile gunia likiwa limefungwa, akapanda basi la Jeddah. Dereva alilisikiliza kidogo, akasema linaimba sana, likae kwenye buti. Kila basi liliposimama, Absalom alishuka kuangalia kama kamba bado imekaza.

Ofisi ya wakala aliyempeleka Selipher kwa waajiri wake wa Al-Safa ilikuwa na kapeti, kiyoyozi na karani Mkenya aitwaye Laban, ambaye kazi yake ilikuwa kumfasiria mudiri, mkubwa wa ofisi. Laban alilitazama gunia.

"Kelele ya handaki?"

"Ndiyo. Mke wangu yuko ndani."

"Weka pale pembeni, mzee wangu, isichafue kapeti."

Mudiri alitoka na kikombe cha chai, akakaa. Absalom akafungua kamba.

Kwanza ilitoka treni. Vioo vilitikisika, chai ikamwagika, mudiri akaziba sikio moja na kuendelea kungoja. Pumba ilipotulia chini, sauti ya Selipher ikapanda, safi, kama mtu aliye chumba cha pili.

"Baba Ivy, unanisikia? Wamekwenda Taif tangu Jumapili. Mlango wamefunga kwa nje. Tumbo limekaza, siwezi kusimama. Simu inazima, na chaja madam amekwenda nayo. Nimekupigia wewe tu. Mtafute bosi arudi na ufunguo, ama uambie polisi. Umesikia?"

"Sawa, nimesikia," ikasema sauti ya Absalom.

"Umesikia kweli? Al-Safa, ile nyumba ya geti la kijani."

"Sawa. Nimesikia."

"Asante, Baba Ivy. Basi nangoja."

Halafu treni nyingine ikapita, na gunia likalala chini, tupu.

Laban akafasiri mpaka mwisho. Mudiri aliuliza jambo moja kwa Kiarabu, akajibiwa, akaonekana kuridhika. Laban akavuta fomu na kuandika, halafu akamsomea Absalom kwa Kiswahili, polepole, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu.

"Marehemu aliomba msaada kwa mumewe. Mume alikiri mara mbili kwamba amesikia. Kafili wake hakuarifiwa na mtu yeyote."

"Andika mlango ulifungwa kwa nje."

"Fomu haina nafasi ya mlango, mzee wangu."

"Andika sikusikia. Pale chini hakuna anayesikia. Muulize yeyote."

"Lakini umesema umesikia. Mimi mwenyewe nimekusikia, na mudiri pia."

"Halas, imekwisha," mudiri akasema, akainuka. Alimwita mtu wa usafi aje afagie. Mtu wa usafi alifagia ile pumba, iliyokuwa haina sauti tena, akaitupa kwenye pipa pamoja na makaratasi na majani ya chai.

Absalom alikaa kwenye ngazi za nje akampigia Ivy. Alimwambia yote, neno kwa neno, ya mama yake na yake yeye. Ivy alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya, baba," akakata. Mpaka leo hajapiga, na akipigiwa shangazi ndiye hupokea.

Absalom alirudi handakini, maana ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini, bado iko kwa kafili. Kona ya tatu sasa ni tulivu kuliko zote, wakubwa huleta wageni kuja kuisikiliza. Sababu ya kifo kwenye karatasi ya Selipher haikubadilishwa. Bado inasema usingizini, ila wameongeza mstari kuhusu mume. Watu wale wa geti la kijani wameletewa msichana mwingine na wakala yuleyule.

Absalom ameshaandika barua tatu, kwa wakala, kwa kafili wa mkewe na kwa ofisi aliyoambiwa ndiyo inayosimamia mambo haya. Aliziandika mwenyewe kwa mkono wake wa darasa la tano, na zote zina mstari mmoja. Hakuna iliyojibiwa. Mstari wenyewe ni huu: Jumapili ile, watu wakipakia mizigo garini kwenda Taif na mtu akiwa hai ndani ya nyumba, ni nani aliyezungusha ufunguo?