Maji ya Lavonne

Lavonne Sletten alifariki mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado imelala uani. Mumewe, Milo, aliyeendesha treni za madini hapa mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, mpaka akastaafu, alimzika, akagawa makoti yake, akampa jirani paka wake. Kitu kimoja tu hakukigusa: maji ya lile beseni kubwa la kuogea, linalopashwa moto kwa umeme, nyuma ya nyumba, ambamo walikuwa wakikaa wote wawili kila jioni, miaka nenda miaka rudi.

Lavonne ndiye aliyelitunza. Ndiye aliyepima maji kwa vijikaratasi vinavyobadilika rangi, akaosha chujio, na kila baada ya miezi michache akayamwaga yote na kujaza mapya. Milo alijua kuingia na kutoka tu. Sasa kila alipokumbuka alitupia klorini kidogo, akafunika, akarudi ndani. Yeye mwenyewe hakuingia tena. Maji yale yalikuwa ya mwisho kumkumbatia mkewe akiwa mzima. Ayamwage vipi?

Mwezi wa kumi akaja Ardis, mdogo wake Lavonne, kutoka mji wa Fargo. Alikuja na magoti yanayomuuma na vazi la kuogelea, na kabla hata ya kunywa kahawa akaenda uani kufunua mfuniko. Akaubwaga pale pale.

“Shemeji! Humu umefuga vyura?”

“Ni povu tu hilo.”

“Povu gani la kijivu? Harufu yenyewe inafukuza mbwa. Maji haya yalibadilishwa lini?”

Milo alitazama viatu vyake. “Aliyabadilisha yeye.”

Ardis aliokota mfuniko, akauegemeza kwenye beseni. Kisha akasema kwa upole, “Umekaa na maji yake muda wote huu?”

“Sina kingine kilichomgusa ambacho bado kina joto, Ardis.”

“Hata mimi nina hamu naye. Nashika simu nimpigie, nakumbuka, naiweka chini. Lakini dada yangu hayumo humu, Milo. Angekuwemo, angeshakufokea kwa uchafu huu.”

Milo akacheka kidogo, akageukia pembeni kufuta pua.

“Na baridi inakuja,” Ardis akaendelea. “Ikishakaza hatuthubutu kuyamwaga, yatagandia bombani na mabomba yatapasuka. Ni leo, au utakaa na supu hii mpaka theluji iyeyuke.”

Milo alikaa jikoni hadi kahawa yake ikapoa. Halafu akainuka, akazima umeme wa beseni, akafunga mpira wa maji kwenye koki ya chini.

Maji yakaanza kutoka. Alisimama akiyatazama yanavyoshuka, yakiacha mstari wa utelezi kwenye kuta za beseni.

“Yasiende haraka hivyo,” alisema.

“Yanakwenda yanavyojua, shemeji.”

Milo alipochomoa chujio, walikuta mikunjo yake imeziba kwa uchafu, na katikati ya uchafu ule zilikuwa nywele ndefu, nyeupe, zimejisokota. Hakuna aliyesema za nani. Milo akazitoa taratibu kwa kucha, akazisuuza, akazitia katika mfuko wa shati. Ardis akajifanya anatafuta siki ya kusugulia.

Walisugua mpaka mikono ikawauma, wakasuuza, wakajaza maji mapya, wakawasha. Pampu ikanguruma, lakini maji hayakusogea.

“Tumeiua!” Ardis akapiga kelele.

“Ngoja. Hewa imeingia bombani. Yeye alikuwa akilegeza hapa.”

Milo alipiga magoti, akalegeza kiungio kando ya pampu. Hewa ikatoka kwa mluzi, bomba likakohoa, maji yakaanza kuzunguka. Akabaki amepiga magoti, mkono juu ya bomba. Hakuwa amewahi kufundishwa. Mara ngapi alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake, akimtazama Lavonne ameinama pale pale, bila mwenyewe kujua kwamba anajifunza?

“Laiti ningetoka nje nikamsaidia,” alisema.

“Angekufukuza,” Ardis akajibu.

Kesho yake mchana maji yalikuwa yamepata moto. Waliingia, Ardis akiguna kwa raha ya magoti yake, Milo akikaa ng'ambo ya pili. Kati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyenyoosha mguu kuelekea pale.

“Unalia au ni mvuke?” Ardis akauliza.

“Nyamaza, Ardis.”

“Basi na wangu ni mvuke.”

Ardis aliondoka na mkate wa viazi aliofungiwa kwa safari. Milo akanunua vijikaratasi vya kupimia, akajifunza kuvisoma. Siku hizi huosha chujio mwenyewe, na jioni huingia peke yake. Hamu ya mkewe haikupungua hata kidogo. Wakati mwingine humsimulia, kwa sauti, maji ya leo yako vipi.