Gundi ya Daktari wa Meno

Daktari Sigbjørn hutibu meno ya nusu ya kisiwa chetu, basi anajiona hakuna asichokijua. Aprili, tulipokuwa tukiandaa boti pale klabuni, alikuja na kifaa cha kupima kina cha maji, kile kinachogandishwa ndani ya boti, sakafuni kabisa, kikapeleka sauti chini bila kutoboa tundu.

"Koroga gundi polepole," nikamwambia. "Ikiingia hewa, sauti haipiti."

"Wee Torbjørg! Unifundishe gundi mimi? Miaka thelathini naziba meno!"

Akachukua uma, akaichapa gundi ile kama rojo la vafeli, zile keki zetu nyembamba, mpaka ikafura povu. Akagandisha kifaa chake, akajipiga na picha.

Tulipoishusha boti majini, skrini haikuonyesha kitu. Akaigonga, akalitukana duka lililomuuzia.

Nikainama na tochi. Gundi nzima ilikuwa matundu matupu.

"Kifaa ni kizima, daktari," nikasema. "Kuziba ndiko kulikokushinda."

Nikasogea pembeni, nikapiga simu kliniki kwake, nikafuta miadi yangu ya Jumatatu. Jino linaniuma mpaka leo, na liume tu.